Kitkit School kwa hesabu za Gredi ya 1

Watoto wengi wa Mombasa huzoea kuhesabu kwa Kiswahili tangu wanapoanza kutumwa dukani, kisha wakifika Gredi ya 1 wanakuta hesabu zao vitabuni kwa Kiingereza. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuitazama Kitkit School, programu ya kishikwambi ya kampuni ya Enuma ya Marekani, kwa kuwa ina toleo linalofundisha kwa Kiswahili, na sauti ndiyo inayomwongoza mtoto, hivyo asiyejua kusoma hakwami.

Toleo hilo lilijaribiwa kwa miezi 15 katika vijiji vya Mkoa wa Tanga, majirani zetu wa mwambao, na mwaka 2019 likashinda, sambamba na shirika la onebillion la Uingereza, tuzo ya dola milioni 10 ya Global Learning XPRIZE, shindano la programu za kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu, wakagawana nusu kwa nusu. Kwa vile lilikusudiwa watoto wasio na mtandao, masomo huendelea bila bando, jambo ambalo mzazi wa Kisauni au Likoni atalithamini kuliko tuzo yenyewe.

Mazoezi ni mafupi: kuhesabu vitu, kufuatisha tarakimu kwa kidole, kulinganisha idadi, kisha kujumlisha na kutoa. Mpwa wangu huyafanya jioni akitoka madrasa, na sijaona haja ya kumlazimisha. Hata hivyo, katika programu yoyote ya kugusa majibu, mtoto mjanja anaweza kubahatisha hadi apatie, na ukimtazama kwa mbali utadhani anajua. Alipofika kwenye kujumlisha 8 na 5 nikaweka kishikwambi kando, nikampa vifuniko vya soda. Alipanga vinane, akavuta viwili kutoka kwenye vile vitano ili kumi itimie, vikabaki vitatu, ndipo akanitajia kumi na tatu kabla sijamuuliza.

Kwa hiyo naipendekeza kwa mzazi atakayekaa karibu na mtoto, na ambaye atamtajia kila jibu kwa lugha zote mbili, maana mtihani wa shule hautamuuliza kwa Kiswahili. Inawafaa wa chekechea hadi Gredi ya 2. Aliyevuka hapo atafutiwe nyingine.