TAHADHARI: Ile "ziara ya nusu siku" ya Anchorage hadi Portage inayouzwa WhatsApp, msilipe!

Ndugu zangu wa Anchorage hapa Alaska, na nyie wa majimbo mengine mnaotuma wazee wenu huku kiangazi, someni hili hata kama mna haraka. Ile ziara ya "wanyama na mandhari", saa tano, dola 95 kwa kichwa, inayozungushwa kwenye magrupu yetu na yule bwana wa sauti tamu: MSILIPE. Tumepigwa. Watu wazima tisa tumepigwa, dola 855 zimekwenda, na kati yetu wamo wanaoijua barabara ya Seward kibao kwa kibao. Aibu hii haina pa kuiweka.

Tulikuwa na wageni, mama mkwe akiwemo, tukataka kuwatembeza. Naingia palepale tulipoingizwa mjini.

Tangazo lilianza na picha. Dubu watano wamejipanga kwenye maporomoko ya maji, mmoja kaachama, samaki anamrukia mdomoni. Jamani, hayo ni maporomoko ya Brooks, kwenye hifadhi ya Katmai! Yako zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa na barabara hakuna kabisa. Unapanda ndege mpaka King Salmon, kisha unabadilisha, unachukua ndege ndogo ya kutua majini. Tuliitambua ile picha. Nasema tuliitambua, tukacheka, tukasema "ah, ya kupambia tu hiyo, kila mtu anaweka". Hapo ndipo angestahili kufungiwa namba, na hapo ndipo sisi tulipomwandikia.

Akajibu kwa sauti, sekunde 48. Hakuanza na bei. Alianza na "Shikamoo mama", kwa sababu alishaambiwa yupo mama mkwe safarini. Akauliza magoti yake yanaendeleaje. Akasema, "Mama yangu, pale penye utelezi nitakushika mkono mimi mwenyewe." Nyuma yake anasikika mtoto anaimba. Mama mkwe akairudia ile sauti mara tatu, akasema huyu kalelewa. Sasa niambieni, baada ya mama kusema huyu kalelewa, nani atanyanyua mdomo aulize habari ya bima ya gari?

Kisha akatuma orodha ya atakavyotuonyesha. Ndege wa Potter Marsh. Beluga, wale nyangumi weupe. Kondoo mwitu weupe wa Dall. Wimbi kubwa la Turnagain "kila siku saa 4 kamili asubuhi". Kupanda kigari cha kamba pale Girdwood. Kituo cha wanyama cha AWCC. Boti ya kwenda mbele ya mto wa barafu wa Portage. Na akimalizia, "tukipata muda", Whittier kwa kupitia handaki. Yote hayo kuanzia saa 2 na nusu asubuhi hadi saa 7 na nusu mchana.

Pigeni hesabu, tuliyoipiga sisi tukiwa tumeshatoa hela. Vibao vya maili kwenye ile barabara vinahesabiwa kutoka Seward, kwa hiyo ukitoka Anchorage namba zinashuka: Potter Marsh kwenye 117, Beluga Point 110, Windy Corner wanakoshuka kondoo 106, Girdwood 90, AWCC 79, na hapohapo njia ya kuingia bonde la Portage. Kutoka mjini hadi AWCC bila kusimama ni kama saa nzima, kurudi saa nyingine. Tayari mbili zimekwenda. Njia ya mzunguko ndani ya AWCC ni maili moja na nusu; ukiwa na mzee wa magoti usiipangie chini ya saa moja na robo. Boti ya Portage yenyewe ni saa moja majini, na lazima uwe umefika gatini mapema. Hapo zimebaki dakika arobaini na kitu za kugawana kati ya ndege, kondoo, nyangumi, wimbi, Girdwood na haja ndogo ya watu tisa. Whittier ndiyo usiitaje kabisa: lile handaki lina njia moja, magari na treni wanapokezana, wa kwenda wanafunguliwa ile nusu saa na wa kutoka wanafunguliwa saa kamili. Ukilikosa kwa dakika mbili unakaa kwenye foleni saa nzima ukiangalia taa nyekundu.

Ziara ya kweli ya nusu siku inabeba vitu vitatu, vinne kwa shida: vituo viwili vitatu vya ufukweni na AWCC tu, au vituo hivyo na boti. Anayekuuzia vinane anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini linaloniuma hasa ni lile wimbi.

Kila siku saa 4 kamili! Sisi watu wa Pwani! Mtu aliyekulia Tanga akaambiwa maji yanajaa kila siku saa ileile na akaitikia "sawa kaka". Maji yanasogea kama dakika 50 kila siku, hilo mtoto wa mvuvi analijua kabla hajajua kusoma. Lile wimbi la Turnagain ni maji kujaa tu, ila yanaingia kwenye mkono wa bahari mwembamba wenye tofauti ya kujaa na kupwa inayozidi mita 9, ndiyo maana yanakuja yamesimama kama ukuta mdogo. Likiwa zuri linafika mita mbili na ushee. Linakuwa zuri wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Unatazama jedwali la maji la Anchorage, unachukua saa ya kupwa kabisa, unaongeza saa moja na robo hivi, ndipo linapita Beluga Point. Bird Point, ile ya maili 96, linafika baadaye zaidi. Hakuna uchawi.

Jumamosi ile mwezi ulikuwa nusu. Maji mafu! Na yalikupwa mapema asubuhi, saa 1 na dakika kadhaa. Maana yake hata kama palikuwa na kiwimbi cha kubahatisha, kilipita Beluga Point sisi bado tunanunua kahawa mjini. Najua mtasema si mngeutazama mwezi. Juni hapa usiku hauingii giza, nani anautazama mwezi?

Siku yenyewe. Saa 2 na nusu hakuna gari. Saa 3 na dakika 10 linakuja, van nyeupe ya viti kumi na tano, mlangoni hakuna jina la kampuni wala namba yoyote. Yule wa sauti tamu hayumo. Yupo kijana aliyejiita kiongozi wa ziara, hajui Kiswahili, na kila akiulizwa jambo anatazama simu. Potter Marsh dakika nane, darubini moja kwa watu tisa, na lenzi yake moja ina ukungu ndani. Windy Corner, penye kondoo, tulipita bila kupunguza mwendo. Walikuwepo! Wanne, juu ya mwamba, tumewaona kwa dirisha la nyuma.

Beluga Point, ambako ndiko alikotakiwa kusimama kabla ya kondoo, alikipita kisha akageuza kukirudia. Tukasimamishwa pale dakika arobaini tukingoja wimbi la saa 4. Upepo unakata masikio. Maji yanajaa taratibu, yametulia kama chai kwenye kikombe. Mama mkwe kajifunga khanga mbili juu ya koti, anauliza "linatokea upande gani?" Beluga nao hakuna, na si ajabu: kwenye mkono ule wanafuata samoni, msimu wake wa kuwaona ukiwa barabarani ni kuanzia katikati ya Julai, na hasa Agosti na Septemba. Juni ni bahati nasibu. Isitoshe hawa wa Cook Inlet, ghuba yetu hii, wamebaki wachache, tangu 2008 wako kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Unawezaje kumwahidi mtu kitu hicho kwa dola 95?

Alipoona watu wamenuna, akasimama mahali pengine mbele, akasema tushuke kwenye ule mchanga wa kijivu tupige picha, na maji bado yanajaa. HAPANA. Hapa natamka kwa herufi kubwa. Ule si mchanga. Ni unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Ukikanyaga unalegea, ukisimama unakaza kuzunguka mguu kama saruji, ukijivuta unazama zaidi, na maji yakirudi hayasubiri mtu akutoe. Watu wamefia pale. Kiongozi yeyote wa Alaska anayewashusha wageni kwenye tope la Turnagain, hata kwa dakika moja, si kiongozi. Kijana mmoja wetu alishaweka mguu, tukampigia kelele, kiatu kikabaki.

Girdwood hatukuingia. AWCC tukafika saa 5 na nusu, na getini tukaambiwa kiingilio hakijalipwa. Kwenye tangazo imeandikwa "kila kitu ndani". Tukalipa tena. Na nisiwasingizie AWCC, wao hawana kosa: baisani wa msituni (nyati wa huku) wako vizuri, musi (kulungu wakubwa kabisa) wako vizuri, na pembe zao pana kama sinia la pilau. Dubu wapo, ila wako ndani ya uzio mkubwa, kama inavyotakiwa. Ile ahadi ya tangazo, "dubu wa porini hatua ishirini", haikuwepo popote. Akatupa dakika 35.

Kisha Portage. Akatuteremsha pale kituo cha wageni cha Begich, Boggs, akanyoosha kidole ziwani, akasema "glacier". Tukatazama. Maji, vipande vya ukungu, mlima. Kile kituo kilifunguliwa 1986 ili watu waone mto wa barafu kwa dirisha, lakini barafu ilirudi nyuma ikajificha nyuma ya kona ya mlima tangu miaka ya 1990. Kutoka nchi kavu pale huuoni. Unauona kwa boti tu, au kwa miguu ukitokea upande wa Whittier. Boti hakuwa ameweka nafasi, na iliyofuata ilikuwa imejaa. Basi wazee wa watu wamepigishwa picha na mlima usio na jina, na hivi ninavyoandika picha hizo ziko Tanga zinaonyeshwa majirani kuwa ndiyo Portage.

Kwenye kurudi akasimama kituo cha mafuta akadai dola 10 kila mtu ya petroli. Tukampa! Tisini! Tulikuwa karibu maili 40 kutoka nyumbani, na mzee kwenye gari.

Hela yenyewe ya awali ilikwenda kwa Zelle (kutuma hela benki kwa benki kwa simu), kwa jina la mtu, si la kampuni. Alisema kampuni "inabadilisha benki". Tulipouliza leseni akatuma picha, na ilikuwa ya kweli, tumeitafuta kwenye tovuti ya jimbo ipo. Hilo ndilo lililotulaza usingizi. Leseni ya biashara ya Alaska ni dola 50 kwa mwaka, hata muuza maandazi anayo. Haisemi kama mtu ana bima ya abiria, wala kama ana kibali cha hifadhi ya jimbo ya Chugach kwa vile vituo vya ufukweni, wala cha msitu wa taifa wa Chugach kwa bonde la Portage. Hivyo viwili ndivyo vya kuulizia, kwa namba, na unapiga ofisi husika wanakuambia. Tumeuliza, hatukupata jina lake.

Dalili nyingine haraka haraka maana hasira imenipanda tena: gari la abiria bila namba ya USDOT (ya usajili wa Idara ya Uchukuzi ya Marekani) mlangoni; picha za Katmai kwa safari ya barabarani; wimbi lenye saa isiyobadilika; hataki kadi. Kadi ya mkopo unaweza kuipinga benki, una siku 60 tangu taarifa ya mwezi itoke. Zelle ukiituma kwa mkono wako mwenyewe, benki inakuangalia tu. Na ukiona anauliza magoti ya mama kabla hujamuuliza chochote... basi, na hiyo nayo iandikeni.

Tulipomdai alijibu "nitawasiliana na ofisi". Ofisi gani? Kesho yake katufungia sote tisa, hata mama mkwe, aliyemtumia sauti ya kumwombea dua!

Huyu asiachwe. Anyang'anywe leseni, arudishe 855 na 90 na viingilio na kiatu. Anaposema "mama yangu" amtaje mama yake. Kuna mtu kwenye grupu kasema afungiwe ndani ya uzio wa dubu, nikakataa, dubu wale wana kituo kinachojiheshimu. Mimi namtaka asimame Beluga Point kila siku saa 4 kamili, mwezi ukiwa nusu, mpaka wimbi lije.

Malalamiko tumeshapeleka kitengo cha kulinda walaji kwa Mwanasheria Mkuu wa Alaska, na FTC, tume ya biashara ya serikali kuu. Moja peke yake ni karatasi, kumi ni kesi. Mwenye risiti ya Zelle ya jina lile lile anitumie kabla ya Ijumaa, na picha ya tangazo kama hajaifuta. Jana usiku kalirusha tena, bei kapandisha dola 110, na sasa wimbi kalisogeza saa 5.