Kitabu kisicho na maneno na doa la utomvu wa ndizi

Nimekitumia tangu Kwaresima, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyekifunua dukani akakirudisha. Ni kile kitabu cha rangi kisicho na hata herufi moja ndani, ambacho walimu wengi wa Shule ya Jumapili wamekiona kwenye semina. Nilinunua kikubwa kimoja cha mwalimu, saizi ya daftari, na vidogo kumi na viwili, kila kimoja kinatoshea kiganjani mwa mtoto, kwenye duka la vitabu vya Kikristo mjini Moshi. Kikubwa 8,000, vidogo 500 kila kimoja, jumla 14,000. Mzee wa kanisa anayeshika mfuko wa watoto aliniuliza mara mbili: "Mama, elfu kumi na nne kwa kitabu ambacho hakijaandikwa?" Sikumlaumu.

Mimi ni fundi cherehani. Siku sita niko kwenye mashine, ya saba niko na watoto nyuma ya kanisa, chini ya mparachichi, maana darasa hatuna. Usharika wetu ni wa Kilutheri, upande wa Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Watoto wangu ni wa miaka mitatu hadi saba, hawapungui thelathini. Wanatoka ibadani baada ya wimbo wa pili, na nikibahatika napata dakika arobaini. Kumi kati ya hizo zinaishia kupelekana chooni na kutafuta kiatu cha mguu mmoja.

Nianze na ushonaji, ndiyo kazi yangu. Vidogo vimebanwa kwa pini mbili za stepla, tena karibu mno na ukingo. Fundi yeyote angejua hapo patachanika. Wiki ya tatu vitano vilikuwa vimeshaachia. Nilizing'oa pini, nikatoboa matundu matatu, nikashona kwa uzi wa nailoni, na mpaka leo havijafumuka. Kikubwa ni imara: karatasi ngumu yenye ngozi ya plastiki juu, unaifuta kwa kitambaa kibichi na uji unatoka (tumejaribu bila kukusudia). Rangi hazijapauka, isipokuwa dhahabu, ambayo si rangi bali ni karatasi ya kung'aa iliyobandikwa. Kila mtoto anataka kuigusa, na kila anayeigusa anaondoka na kipande chake kwenye kucha.

Kwa ambaye hajawahi kukiona: ukurasa wa kwanza mweusi, wa pili mwekundu, wa tatu mweupe, halafu wa dhahabu, na jalada ni la kijani. Mwalimu anasimulia huku akifunua. Dhambi, damu ya Yesu, moyo uliooshwa, mbinguni, na kijani ni kukua katika imani kama mche. Si uzushi wa juzi. Charles Spurgeon, yule mhubiri wa Kibatisti wa London, alikihubiri Januari 1866, na wakati huo kilikuwa na kurasa tatu tu: nyeusi, nyekundu, nyeupe. Dhahabu ilikuja baadaye, inahusishwa na D. L. Moody wa Marekani mwaka 1875, na kijani baada ya hapo. Neno alilohubiri Spurgeon lilikuwa Zaburi ya 51: "Unioshe, nami nitakuwa mweupe kuliko theluji." Sijui watoto wa London walilielewa vipi. Wangu hawana shida nalo. Asubuhi mawingu yakikubali, nawageuza tu wamtazame Kibo, kilele cha mlima wetu, na theluji yake.

Uzuri wake mkubwa ni kule kunyamaza. Nusu ya watoto wangu wanalelewa na bibi zao na wanakuja na Kichagga kingi kuliko Kiswahili. Kitabu cha hadithi chenye maandishi nikikifungua, wanabaki wakitazama mdomo wangu. Hiki wanakitazama chenyewe, wanajua kinachofuata, wananitangulia. Kuna binti wa miaka mitano alipeleka kidogo chake nyumbani. Jumapili iliyofuata tuko nje kwenye mnada wa sadaka, mkungu wa ndizi umefika elfu tisa, bibi yake akanivuta kanga: "Mwalimu, huyu mjukuu wangu amenisomea kitabu, na mimi nikamfuata ukurasa kwa ukurasa. Tangu nizaliwe sijafuata kitabu." Ule mkungu ulinipita, sikuona hata nani kaupata.

Sasa ukurasa wa kwanza.

Ndani ya kifurushi kuna kijikaratasi cha maelekezo, cha Kiswahili kilichotafsiriwa kwa haraka. Kinamwambia mwalimu aonyeshe rangi nyeusi na kusema: hii ni dhambi. Jumapili ya kwanza nilisema hivyo hivyo. Wakati huo huo Mchungaji akawa anapita kwenda ofisini, na shati lake jeusi la kola. Mvulana mmoja, mdomo wake hauna mlango, akauliza kwa sauti ya mnadani: "Mwalimu, mbona Baba Mchungaji amevaa dhambi?" Tulicheka wote, na Mchungaji mwenyewe akacheka mpaka akashika mti.

Lakini mbele kabisa alikaa msichana mwingine, mpole, haongei sana. Yeye hakucheka. Aliweka mkono wake juu ya ukurasa, akautazama ulivyolala pale, akautoa, akauficha chini ya gauni. Hakuuliza kitu.

Nilirudi nyumbani nikaweka cherehani pembeni. Nilijiambia labda nimekuza, mtoto alikuwa anacheza tu. Halafu nikakumbuka nami niliwahi kufundishwa kwa kitabu hiki hiki, na nikajiuliza huo mkono wangu niliuficha wapi.

Nikafungua Biblia kutafuta nani alisema dhambi ni nyeusi. Isaya 1:18: "Dhambi zenu zijapokuwa nyekundu sana, zitakuwa nyeupe kama theluji." Nyekundu! Nabii amesema nyekundu, halafu kitabu kinataka nyekundu iwe ndiyo dawa. Yohana anasema giza, na giza ni kukosa mwanga, mtoto yeyote aliyezimiwa taa analijua. Halafu kwenye Wimbo Ulio Bora yupo dada anayesema bila haya, "Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri." Na sisi wa huku mlimani tunajua udongo mweusi ni upi. Ni ule wa kihambani, shamba la migomba la nyumbani, uliolishwa samadi na majani ya migomba yaliyooza, ambao ukichomeka kitu kinaota. Kwenye altare yetu kitambaa cheusi kinatandikwa Ijumaa Kuu, na hakuna aliyewahi kusema hapo pametandikwa dhambi. Pametandikwa msiba.

Kiswahili chenyewe kinatutega, nakubali. Mtu anayetoa bila kinyongo tunasema ametoa kwa moyo mweupe. Mkubwa anaelewa kwamba hapo hazungumziwi ngozi ya mtu. Wa miaka minne anasikia rangi, basi.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua kipande cha popilini nyeupe nikakipaka utomvu wa mgomba, nikakianika. Anayefahamu utomvu anajua: ukiwa mbichi ni kama maji, baada ya saa kadhaa ni doa la kahawia linaloelekea weusi, na hapo sabuni imeshindwa. Nikakibandika juu ya ukurasa mweusi wa kitabu kikubwa. Jumapili iliyofuata nilipofungua, kabla sijasema neno, watoto wakapiga kelele: "Utomvu!" Nikauliza, nani amewahi kupigwa kwa ajili ya utomvu? Mikono yote juu. Nani aliweza kuutoa mwenyewe? Hakuna. Mmoja akasema alilificha shati lake uvunguni. Jamani, mimi nilisoma semina mbili za kueleza dhambi ya asili, na Adamu kujificha bustanini, na sikuwahi kufika nilipofikishwa na shati la uvunguni.

Yule mpole aliligusa doa kwa kidole, akakinusa.

Kijikaratasi kina jambo jingine. Mwishoni kinataka mwalimu awaulize watoto nani anaamua leo kumpokea Yesu, ainue mkono. Madhehebu mengine watasema sawa, sigombani nao. Sisi tunabatiza wachanga. Watoto hawa wameshapokelewa, wengi wao nikiwa nimeshona mwenyewe gauni la ubatizo. Tena ukimuuliza wa miaka minne nani anataka kitu, atainua mikono miwili bila kujua ni kitu gani. Kipande hicho nilikikata kwa mkasi. Badala yake kila ukurasa nauliza swali la Katekisimo Ndogo, kile kitabu kifupi cha Luther cha mafundisho ya imani: "Maana yake nini?" Kilichowatosha baba na watoto wao mezani mwaka 1529 kinatutosha chini ya mparachichi.

Kwa hiyo, kununua au kutonunua? Kikubwa nunueni. Kinadumu, kinaonekana hata na aliyekaa nyuma kwenye mzizi. Nakipa nyota nne, na moja inayokosekana ni ya ukurasa wa kwanza. Kijikaratasi nyota moja, kwa sababu nyuma ni kitupu na niliandikia vipimo vya mteja. Vidogo visinunuliwe kabisa kwa 500 wakati kila mtaa una fundi mwenye gunia la mabaki. Kata vipande vya sentimita kumi kwa nane, pindo usihangaike nalo, piga mshono mmoja wa mashine katikati mara mbili, kijani kiwe nje. Nilishona arobaini kwa jioni mbili, gharama yangu ikiwa uzi tu, na utomvu wa bure. Sikukuu ya Mikaeli na Watoto, Septemba, watoto walipoongoza ibada, kila mmoja alikuwa na chake mkononi, na yule mzee wa mfuko aliniita pembeni akaomba viwili vya wajukuu wa Dar. Nilimtoza elfu moja, nikaiweka kwenye mfuko wake mwenyewe.

Kazi ngumu ilikuwa dhahabu. Mabaki ya dhahabu hayapatikani ovyo. Yaliyomo ni ya gauni la sendofu nililoshona mwezi wa nane, na mwenye gauni bado hajajua kwamba kipande chake kiko mbinguni.