Damu ya mzee ibaki damu ya mzee: uhakiki wa kioo cha iPad Air

Kazi yangu ni kupiga picha za vitambaa vya sare za harusi na kuwaonyesha wateja wasio na nafasi ya kuzunguka Kariakoo duka kwa duka, kwa hiyo kioo cha kishikwambi kwangu ndicho sampuli yenyewe. Kishikwambi nilichokuwa nacho awali, ambacho sitakitaja jina, kilikuwa na tabia ya kukoleza kila kitu: majani yaling'aa kupita kawaida, nyuso za watu zilikuwa kama zimepakwa hina, na kitambaa cha damu ya mzee kilionekana chekundu kama nyanya iliyoiva. Mama mmoja aliyesimamia sare za upande wa bibi harusi alichagua rangi kupitia kioo hicho. Jora lilipofika alishika ncha ya kitambaa, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, kisha akaniambia, “Mwanangu, hii siyo uliyonionyesha.” Alikuwa na haki.

Nilichonunua baadaye ni iPad Air ya kizazi cha 5, iliyotoka mwaka 2022, yenye kioo cha inchi 10.9, pikseli 2360 kwa 1640 na mwangaza unaofikia niti 500. Hata hivyo, si namba hizo zilizonishawishi, bali jinsi kifaa kinavyosimamia rangi. Ndani ya picha, kila rangi ni namba tatu tu, za nyekundu, kijani na buluu, na namba bila kipimo ni sawa na kumwambia muuza mchele akupimie nne bila kusema kama ni vibaba au pishi. Kipimo hicho huandikwa katika profaili inayoambatana na picha. Kilichozoeleka zaidi ni sRGB, kilichobuniwa na HP na Microsoft mwaka 1996. P3, kipimo kingine cha rangi, ni kipana zaidi, hasa upande wa nyekundu na kijani. Kioo kipana kisichosoma profaili huchukua namba za sRGB na kuzionyesha kana kwamba ni za kwake, na hapo ndipo damu ya mzee hugeuka nyanya. iPad husoma profaili na kuzibadilisha namba zilingane na kioo chake cha P3. Usimamizi huo uliingia katika mfumo wake mwaka 2016 kupitia iOS 9.3. Picha isiyo na profaili huchukuliwa kuwa ya sRGB, jambo linalofaa, kwa kuwa baadhi ya programu za kutumiana ujumbe huzibana picha na kuziondolea profaili zake.

Jaribio langu halikuhitaji maabara. Nilipiga picha vitambaa sita kando ya dirisha, kila kimoja pamoja na kadi ya kijivu ili mizani ya nyeupe, yaani jinsi kamera inavyoamua nyeupe ni ipi, isinidanganye, kisha nikaweka kipande chenyewe kando ya kioo. Damu ya mzee ilitulia mahali pake, hata ule weusi unaojificha ndani ya mikunjo ulionekana. Hudhurungi na rangi ya maziwa, ambazo wateja huzichanganya sana, zilitofautiana bila ubishi. Kilichonishinda ni feruzi iliyokolea: kitambaani ilikuwa hai, kiooni ikapoa kidogo. Sikushangaa, maana P3 haikupanuka sana upande huo, na rangi iliyo nje ya uwezo wa kioo hailetwi na mipangilio yoyote.

Mipangilio yenyewe, hata hivyo, ina mitego miwili. True Tone hupima mwanga wa chumba na kuielekeza nyeupe ya kioo kwenye mwanga huo. Kwa kusoma ni raha, lakini chini ya taa ya manjano picha yote huelekea manjano. Night Shift hupunguza ubuluu usiku, na ni mbaya zaidi kwa kazi hii. Mimi huzima zote mbili kabla mteja hajaketi, kisha naweka mwangaza usiobadilika wenyewe. Chumba nacho kina lake: vitambaa viwili vinavyofanana chini ya taa ya duka vinaweza kutengana kabisa nje juani, na hilo si kosa la kioo.

Hiki si kifaa cha mtu anayerekebisha filamu. Hali ya marejeleo, inayofunga rangi na mwangaza katika viwango maalumu, ililetwa na mfumo wa iPadOS 16 kwa iPad Pro ya inchi 12.9 yenye kioo cha XDR, aina ya kioo chenye mwangaza mkubwa zaidi; Air haina. Kwa vitambaa sioni sababu ya kulipia nyongeza hiyo. Ningemshauri mwenzangu asishuke hadi iPad ya kawaida ya kizazi cha 10, kwa kuwa kioo chake huishia sRGB na kina nafasi ya hewa kati ya glasi na picha, ilhali cha Air kimegandishwa na kupakwa tabaka la kupunguza mng'ao.

Wateja wa mikoani bado nawatumia kipande cha kitambaa kwa basi, hasa wakitaka feruzi.