Duka la Vitabu Vikuukuu la Ndia Kuu: Je, Muhuri wa Dhahabu Una Thamani ya Bei Yake?

Duka ninalolizungumzia halina kibao. Ukitoka Fort Jesus ukaishika Ndia Kuu, utalipata ndani ya kichochoro kimojawapo cha Mji wa Kale, ubavuni mwa fundi cherehani, na alama yake ni ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki kwamba humo mna riwaya za Kimarekani, zilizotuzwa na zisizotuzwa. Ubao huo ndio ulionisimamisha. Vitabu vikuukuu tumezoea kuviona Mombasa vikiwa vimetandazwa chini kwenye turubai, cha upishi kikilaliana na cha hesabu, lakini ni nadra kumkuta muuzaji anayevipanga kwa kufuata tuzo, na ni nadra zaidi kumkuta anayevipangia bei kwa kufuata tuzo hizo.

Utaratibu wake ni huu. Kitabu cha kawaida ni shilingi 150, na kile chenye muhuri wa dhahabu wa tuzo kwenye jalada ni shilingi 350, wala hapunguzi ila kwa mvutano mrefu. Siku ya kwanza nilimuuliza, «Ami, huu muhuri peke yake ndio wa kulipiwa shilingi 200?» Akanijibu bila ya kuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa, «Mwanangu, wenyewe wamekaa, wamesoma, wamehukumu. Mimi nani niwapinge?» Jibu hilo lilinifurahisha lakini sikulikubali, na kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikinunua kwake ili nijue kama bei yake ina msingi.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulijua ni kwamba mihuri hiyo si ya namna moja, ingawa Ami anaipa bei moja. Tuzo ya Pulitzer, inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York na ambayo ilianza kutolewa mwaka 1917 kutokana na wasia wa mmiliki wa magazeti Joseph Pulitzer, hupewa kitabu kimoja mahususi, na National Book Award, tuzo nyingine ya vitabu ya Marekani, ni vivyo hivyo. Tuzo ya Nobel ya Fasihi hutolewa Sweden, nayo humtazama mwandishi na kazi zake kwa jumla. Kwa hivyo jalada linapojisifu kwamba mwandishi wake ni mshindi wa Nobel, halikuhakikishii kuwa kitabu ulichokishika mkononi ndicho kilichompa heshima hiyo. Tena uko muhuri mwingine, wa rangi ileile ya dhahabu, unaoeleza kwa herufi ndogo sana kwamba kitabu kilifika kwenye orodha ya mwisho tu, kisishinde. Huo nami niliulipia shilingi 350 kwa sababu nilisahau miwani nyumbani, na Ami, niseme kweli, hakunikumbusha.

Cha kwanza kukimaliza kilikuwa The Old Man and the Sea cha Ernest Hemingway, kilichochapishwa mwaka 1952 na kupata Pulitzer mwaka 1953. Nilikisoma kwenye feri ya Likoni, safari za kwenda na kurudi kazini, kwa kuwa ni chembamba na kinaingia kwenye mfuko wa koti. Ni kisa cha mzee Santiago, mvuvi wa Cuba aliyekaa siku 84 bila ya kupata samaki, hata wazazi wa kijana aliyekuwa akienda naye baharini wakamhamishia mwanao kwenye chombo kingine kwa kuamini kwamba mzee ana nuksi. Siku ya 85 anakwenda mbali peke yake na kumnasa nduaro mkubwa wa futi 18, aliyeuzidi urefu mtumbwi wenyewe, na akishamshinda na kumfunga ubavuni, papa wanamla njiani hadi anarudi pwani na mifupa mitupu.

Asubuhi moja mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu nami, mwenye mikono iliyochanjwa na mshipi, aliniuliza ninasoma nini nikiwa nimekunja uso namna ile. Nikamsimulia. Alisikiliza kimya mpaka nilipofika kwa papa, akasema, «Hao hawana kosa, damu imewaita. Kosa ni kutoka peke yake.» Sikumwambia kwamba Santiago mwenyewe analisema jambo hilohilo mara nyingi kitabuni, kila anapotamani kijana wake angekuwapo. Kitabu kinachoweza kusimuliwa kwa mvuvi kabla ya feri kugusa ng'ambo, naye akakielewa kuliko msimulizi, kwangu kimelipa shilingi zake 350 na zaidi. Kwa hiki hata maneno ya Nobel jaladani yana haki, kwa kuwa Hemingway alipopewa tuzo hiyo mwaka 1954, waamuzi walikitaja waziwazi. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, baada ya ajali mbili za ndege nchini Uganda zilizoyafanya magazeti yatangaze kuwa amekufa, alikuwa hapa kwetu, kwenye kambi ya uvuvi ya Shimoni.

Hata hivyo, usije ukadhani kwamba waamuzi husema kwa kauli moja. Mwaka uleule wa 1953 National Book Award ilikipita kitabu cha Hemingway ikaenda kwa Invisible Man cha Ralph Ellison. Zaidi ya hayo, mwaka 1941 jopo la Pulitzer lilikuwa tayari kumtuza Hemingway kwa riwaya yake ya vita vya Uhispania, lakini rais wa Chuo Kikuu cha Columbia wa wakati huo akaipinga, na mwaka huo riwaya haikupewa tuzo kabisa. Nilimweleza Ami habari hiyo kwa madhumuni ya kupunguziwa. Alicheka sana, akaniongeza kahawa, bei haikushuka.

Kitabu kilichonishughulisha zaidi ya vyote ni Beloved cha Toni Morrison, na ndicho pia kilichonipa malalamiko yangu makubwa dhidi ya duka hili. Nakala niliyouziwa ilikuwa nzuri kwa nje, mgongo haujavunjika, muhuri unang'aa; lakini nilipofika pale ambapo bwana wa watumwa anaitokea ile nyumba na msomaji amezuia pumzi, gamu ikaachia na nikagundua kwamba kurasa 16 hazipo. Hazikudondoka mkononi mwangu, zilikuwa hazipo tangu zamani. Nilikirudisha kesho yake. Ami alizihesabu kurasa moja moja kwa kidole kilicholowa kahawa, akakubali kosa, akaniambia nichague kingine ila fedha harudishi, na kwa bahati ilikuwapo nakala ya pili, chakavu zaidi na isiyo na muhuri, ambayo kwa kanuni zake mwenyewe ilikuwa ya shilingi 150. Zile 200 zilizobaki hakuzitaja, wala mimi sikuzitaja, kwa sababu wakati ule nilichokitaka ni zile kurasa 16.

Msingi wa riwaya hiyo ni tukio la kweli. Mwaka 1856 mwanamke aitwaye Margaret Garner alitoroka utumwani Kentucky pamoja na jamaa zake, wakavuka mto Ohio ulioganda kwa baridi hadi Cincinnati katika jimbo la Ohio, na alipoona wamezingirwa alimuua binti yake mdogo kuliko kumwacha arudishwe utumwani. Morrison, aliyekuwa mhariri wa vitabu New York, aliiona habari hiyo kwenye kipande cha gazeti la zamani alipokuwa akishughulikia kitabu cha historia ya watu weusi kilichotoka mwaka 1974, na riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1987. Humo mama anaitwa Sethe, na nyumba anayoishi inasumbuliwa na mtoto aliyekufa, jambo ambalo msomaji wa Pwani hana haja ya kutafsiriwa.

Nilipokuwa nikiisoma nilijikuta nikiifikiria njia ninayopita kila siku bila ya kutazama. Frere Town, ng'ambo ya Nyali upande wa Kisauni, ni kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, na mnara wa kengele yao ungali umesimama pale Kengeleni, mahali ambapo makondakta wa matatu hulitaja jina hilo mara elfu kwa siku na abiria hushuka na mikoba yao. Watu wale nao walikuwa na watoto, na walikuwa na mambo waliyoyaona ambayo hawakuyasimulia. Sijawahi kusoma kitabu cha Ohio kilichonirudisha Kisauni kwa nguvu namna hiyo.

Kitabu hicho kiliikosa National Book Award ya mwaka 1987, na waandishi na wahakiki weusi 48 wakatia saini barua iliyochapishwa katika gazeti la New York Times Januari 1988 kulalamika kwamba Morrison hajapata heshima anayoistahili. Miezi michache baadaye Pulitzer ikampata, na Nobel ikafuata mwaka 1993.

Kuhusu William Faulkner nitasema machache, kwa kuwa nimemwanza mara mbili na mara zote mbili amenishinda. Lakini kwa mwenye subira duka hili ni neema: Faulkner alipata Pulitzer mbili, kwa vitabu ambavyo wasomaji wake hawavitangulizi, ilhali The Sound and the Fury ya mwaka 1929, ambayo wengi wanaihesabu kuwa kilele chake, haikupata hata moja. Maana yake ni kwamba kwa Ami kilele hicho ni shilingi 150.

Kwa anayeanza ningependekeza The Color Purple cha Alice Walker, kilichopata Pulitzer mwaka 1983, mara ya kwanza kwa mwanamke mweusi kuishinda tuzo hiyo katika riwaya. Kimeandikwa kwa barua fupi fupi, za mtu asiyesoma sana, na ugumu wa lugha hupotea ukiisoma kwa sauti. Mzazi akisome kwanza mwenyewe kabla ya kumpa mtoto, maana kinaanza na msichana wa miaka 14 anayedhulumiwa na mtu anayemwita baba, na Walker hakufunika kitu.

Huduma yenyewe ina mazuri na mabaya. Kuna viti viwili vya kigoda, unaruhusiwa kukaa ukasoma kurasa kumi za mwanzo bila ya kuangaliwa vibaya, na kahawa chungu hutolewa bure kwa yeyote anayeonekana ana nia. Lakini unyevu wa bahari umeshavila vitabu vya safu ya chini, vimeota ukungu na vinanuka, risiti hakuna, na mtu asiyekagua kurasa kabla ya kulipa atajilaumu mwenyewe kama nilivyojilaumu. Ijumaa hufungwa kuanzia saa sita kwa ajili ya Swala na hufunguliwa tena baada ya Alasiri, au hakufunguliwi kabisa kama kuna harusi mtaani.

Kwa sasa ameniwekea The Known World cha Edward P. Jones, kilichopata Pulitzer mwaka 2004, kinachomhusu mtu mweusi wa Virginia aliyemiliki watumwa weusi wenzake. Kina muhuri. Mimi nimefika 250, yeye ameshuka hadi 320, na kurasa nimeshazihesabu zote.