TAHADHARI: "Mtambo wa kukata maji bomba likivuja" unaouzwa Dar ni boksi lenye taa tu

Wakuu, salaam.

Kuna jamaa anazunguka Goba, Madale, Mbezi hadi Kibamba akiuza kifaa anachodai kinagundua bomba likivuja na kufunga maji chenyewe, hata mwenye nyumba akiwa Mwanza. Bei shilingi 450,000, gharama ya kufunga mbali. Mimi ni fundi bomba. Nimeitwa kwenye nyumba zilizofungwa kifaa hiki, maji yakiwa yameshaingia ndani, na kimojawapo nimekifungua mbele ya mwenyewe. Hakigundui chochote. Kinachofunga maji siku ya maonyesho ni rimoti iliyo mfukoni mwa watu wake.

Nieleze anavyofanya, maana tuseme ukweli, jamaa anajua kuuza. Anakuja kwa miadi baada ya kuwasiliana WhatsApp, kavaa fulana yenye nembo ya tone la maji, kitambulisho shingoni, na kijana mmoja anayemwita fundi wake. Mabomba ya ndani hayagusi. Anaomba koki ya bustanini na soketi ya umeme, anaunganisha boksi lake jeupe, anafungulia maji. Kisha anakukabidhi kikombe: "Mama, mwagia mwenyewe hapo kwenye sensa." Ukimwaga tu, boksi linalia tak, maji yanakata. Watoto wanapiga makofi. Kwa furaha ile, nani atakumbuka kuangalia kwamba mkono wa kulia wa yule kijana haujatoka mfukoni tangu waingie getini?

Sasa ndani ya boksi. Kuna saketi ya kupokea rimoti, aina ile ile inayotumika kwenye mageti ya umeme. Kuna taa ya kijani iliyoungwa moja kwa moja kwenye umeme, kwa hiyo itawaka nyumba ikiwa kavu na itawaka nyumba ikielea. Kuna kipande cha nondo kilichogandishwa kwa gundi ili boksi liwe zito mkononi. Halafu kuna zile nyaya mbili za sensa zenye ncha za rangi ya dhahabu, ambazo ndizo roho ya kifaa cha aina hii: maji yakigusa ncha zote mbili, umeme kidogo hupita kati yake na kifaa kikajua pamelowa. Nyaya za jamaa huyu zinaingia kwenye tundu, zinajizungusha ndani ya boksi, zinaishia kwenye donge la gundi. Hazijaungwa popote.

Valvu, yaani kile kinachofungua na kufunga maji, nayo ni ya plastiki, ya mashine ya kufulia. Hapo mafundi wenzangu mtakuwa mmeshacheka, lakini wengine nifafanue. Valvu ya namna hiyo kwa kawaida imefunga, na inahitaji umeme ili ifunguke. Kwenye mashine hufunguka dakika chache tu maji yaingie, basi. Huyu anaiacha kwenye umeme usiku na mchana, koili (ule waya uliozungushwa unaoifungua) inachemka, na baadaye inaanza kutoa harufu ya kuungua. Luku ikiisha, nyumba nzima haina maji. Isitoshe, valvu hiyo inataka presha. Mita 10 za kimo cha maji ni kama bar moja (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo bafu la juu ambalo tangi liko mita 2 tu juu yake linapata 0.2 bar, na hapo valvu ya mashine inafunguka kwa shida au haifunguki kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee mmoja wa Madale. Kifaa kilifungwa kwenye bomba linalotoka tangini, maji ya bafu la juu yakawa yanatoka uzi uzi. Akapiga simu kulalamika, na kwa kweli walikuja haraka, wakafungua valvu, wakafunga tena, maji yakarudi vizuri. Mzee akawashukuru na kuwapa nauli. Nilipoifungua mimi, ule mpira wa ndani unaoziba maji haukuwepo. Wameutoa. Yaani alibaki na valvu isiyoweza kufunga hata ukiipa rimoti mia, na taa ya kijani juu yake inamwambia kila kitu kiko salama.

Mama wa Goba ndiye aliyeumia zaidi. Familia ilikwenda msibani Moshi. Ule mpira wa fleksibo unaopeleka maji kwenye sinki la bafu la juu ukapasuka. Wengi mnadhani maji yakimwagika, hasara ni tangi moja. Angalieni nyumba zetu zilivyo: maji ya mtaani yanaingia simtanki ya chini, pampu inayapandisha kwenye tangi la juu, yanashuka kwa uzito wake. Tangi la juu likipungua, boya linashuka na kuwasha pampu. Kwa mama huyu tangi la juu ni lita 2,000 na la chini lita 5,000, kwa hiyo pampu ilikuwa inajaza na mpira unamwaga, mpaka tangi la chini likakauka. Dari ya jipsamu ya sebuleni imeshuka yote, makabati ya ubao yamevimba, magodoro ya wageni hayafai, na waya wa umeme kwenye dari uliloa hadi ikabidi nyumba nzima ikae gizani fundi umeme akague.

Kile kifaa kilikuwa wapi? Nje, kwenye mita ya maji. Hata kingekuwa kizima, pale kingefunga maji ya mtaani tu, na zile lita 7,000 zilikuwa zimeshapita mita zamani. Kwa nyumba yenye tangi juu, valvu inatakiwa ikae kwenye bomba linaloshuka kutoka tangini, na hapo hapo kiwepo kitu cha kukata umeme wa pampu. Muuzaji yeyote asiyekuuliza maji yako yanashuka kutoka wapi kabla ya kutaja bei, mfungulie geti aende zake.

Picha anazoweka kwenye ukurasa wake ni za vifaa vya kweli, na hapo ndipo anapowanasa waliosoma. Nimeona anatumia picha za Flo ya Moen, ya Marekani, na za Sense Guard ya Grohe, ya Ujerumani. Hivyo ni vifaa halali na kampuni hizo hazihusiki na huyu bwana hata kidogo. Flo, kwa mfano, hufunga valvu kwa muda mfupi maji yasipotumika, ikapima kama presha inashuka ndani ya mabomba, na ikishuka inajua kuna mahali panavuja hata kama ni tone kwa tone. Ni akili nzuri, ila imetengenezwa kwa nyumba ambayo maji yanatoka mtaani yakiwa na presha muda wote. Ukiileta kwenye nyumba ya tangi na mgao, uwe na fundi anayeelewa. Mgao ukirudi, mabomba huanza kwa kupitisha upepo, na kipimo cha ndani ya kifaa, chenye panka ndogo inayozungushwa na maji, kinahesabu upepo ule kama maji. Kinaweza kupiga kelele za uongo hadi mwenye nyumba akichomoe kwa hasira. Nimeshuhudia hilo kwenye vifaa visivyo vya kitapeli.

Kuna jambo lingine ambalo naona watu wanalipuuza kwa kuwa hela zimeshaliwa kwenye boksi. Baada ya kulipa anakutumia programu ya simu kwa WhatsApp. Haipo Play Store. Simu yako inakuonya, yeye anasema "bonyeza ruhusu tu, ni kawaida." Kisha programu inaomba kusoma SMS zako na majina uliyohifadhi. Kifaa cha kukutaarifu kwamba jikoni kumelowa kina haja gani na SMS zako? Namba za siri za mara moja za benki zinakuja kwa SMS. Kama umeiweka, iondoe sasa hivi, badilisha PIN ya benki na ya pesa za simu, na uwaarifu benki yako.

Yale maboksi anayosema ni "ya laini", kwamba yanatuma ujumbe kwa mtandao wa simu, yana stika ya IMEI, namba ya utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15. Mteja mmoja alizituma kwenda 15090, namba ya kuhakiki IMEI ambayo Watanzania wengi tuliizoea mwaka 2016 simu feki zilipozimwa. Jibu likaja na jina la simu ya tochi. Ndani ya boksi hakuna hata mahali pa kuweka laini.

Risiti zake ni za kitabu cha mkono, chini zimeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi. Ukidai ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anasema mashine iko ofisini, ataileta. Malipo yanakwenda kwenye namba za watu binafsi, na jina linalotokea kwenye simu si lile la fulana. Hilo la jina lisome kabla hujaweka namba ya siri. Sekunde tatu hazikupotezei kitu.

Ukitaka kununua kifaa cha aina hii kwa mtu yeyote, jaribio lifanyike kwa masharti yako. Wauzaji wote watoke wasimame barabarani, nje ya geti. Mwagia maji wewe, kwa wakati unaoutaka wewe, na tumia koki ya ndani. Kisha zima swichi kuu ya umeme urudie, maana cha kweli ama kina betri ya akiba ama angalau muuzaji atakuambia waziwazi kwamba umeme ukikatika valvu inabaki ilivyokuwa. Ishike valvu: nzuri ni ya shaba, yenye mota inayozungusha tufe la ndani. Utaisikia ikizunguka na itachukua sekunde kadhaa kufunga. Haikati kwa tak moja kama swichi. Iwe na mpini wa kuifungia kwa mkono mota ikifa. Na hata ukishafunga nzuri, izungushe walau mara moja kwa mwezi, hasa wenye maji ya kisima cha chumvi, la sivyo chumvi inajikusanya ndani na valvu inaganda pale pale.

Wasio na bajeti hiyo, kuna vikengele vidogo vya betri vya kuweka sakafuni chini ya sinki. Havifungi maji, vinalia tu, na ukiwa nyumbani usiku hicho ndicho unachohitaji. Ukisafiri, zima pampu na ufunge koki kubwa ya tangini. Hii ni bure na ingeokoa dari ya Goba. Zile fleksibo za sinki na choo zibadilishwe kabla hazijapasuka, miaka mitano inatosha kabisa, na ukiona zile nyuzi za chuma zimeanza kutoa kutu usisubiri hata huo mwaka wa tano. Kujua kama unavuja bila kuonekana, hakikisha simtanki zimejaa na maboya yamefunga, funga koki zote, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye mita. Kikizunguka, kuna maji yanakwenda mahali. Kwa upande wa tangini, weka alama kwenye kimo cha maji usiku, pampu ikiwa imezimwa, uangalie alfajiri.

Waliokwisha tapeliwa: msitupe boksi, msilifungue wenyewe, hifadhini mazungumzo ya WhatsApp na miamala. Fungueni jalada polisi. Namba anazotumia kuwapigia, tumeni neno UTAPELI kwenda 15040 kisha mfuate maelekezo. Tume ya Ushindani, FCC, nayo inapokea malalamiko ya walaji, na mkienda wengi mkiwa na maboksi mkononi itakuwa vigumu kuambiwa ni ugomvi wa mnunuzi na muuzaji.

Ukurasa wake umeshabadilishwa jina. Wiki hii mteja wangu wa Mbezi amenirushia tangazo jipya: boksi lile lile jeupe, taa ile ile ya kijani, sasa linauzwa kama kigunduzi cha gesi ya kupikia kinachofunga mtungi chenyewe. Maji yanaharibu dari, gesi inaua watu. Aliyekwisha kulifunga jikoni alitoe leo, na mtungi aufunge kwa mkono kila akimaliza kupika.