Uzoefu wangu na bodi ya L298N na sensa ya sumaku katika kugeuza mkondo wa sumakuumeme

Kwa mwalimu au fundi anayetaka sumakuumeme ibadilishe ncha zake kila sensa inapotoa ishara, bila kompyuta wala programu yoyote, bodi ya L298N, yaani bodi ndogo ya kuwasha na kugeuza mkondo wa mota, ninaipendekeza kwa moyo mkunjufu ikiwa umeme alionao ni wa volti 12 au zaidi. Ikiwa anategemea betri ya volti 6, simshauri ainunue, na sababu nitaieleza hapa chini.

Ninasomesha fizikia katika skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na nilichohitaji ni mota ya wazi ya kuwaonesha wanafunzi wa kidato cha nne: sumaku ya kudumu yenye ncha mbili inayozunguka kwenye ekseli, koili moja iliyozungushiwa bolti ya chuma pembeni yake, na sensa inayotambua ni ncha ipi inayopita ili mkondo wa koili ugeuzwe kwa wakati wake. Feni ndogo ya kompyuta hufanya kazi kwa msingi huo huo, ila mambo yote yamefichwa ndani ya plastiki, na mwanafunzi haoni zaidi ya mapanga yanayozunguka.

Bodi nilinunua Unguja, katika duka moja la vifaa vya elektroniki upande wa Darajani. Ndani yake mna transista zilizopangwa kwa umbo la herufi H, mpangilio uitwao daraja, koili ikikaa kwenye mstari wa katikati, hivyo zikiwashwa mbili za pembe zinazokabiliana mkondo hupita upande mmoja, na zikiwashwa mbili nyingine hurudi upande wa pili. Mtu anaweza kuunda daraja hilo kwa transista nne za kununua mojamoja, lakini transista ya juu na ya chini za upande mmoja zikiwaka kwa pamoja, umeme hupita moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi na transista huungua papo hapo. Katika L298N kila upande unaongozwa na pini moja tu: ikipata volti 5 huwaka transista ya juu, ikipata sifuri huwaka ya chini, wala hakuna amri ya kuziwasha zote mbili. Kwa darasa lenye mikono mingi yenye hamu ya kugusa, sifa hii peke yake inatosha kunifanya niichague.

Sensa ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi, kwa sababu katika kazi hii inaamua mambo mengi kuliko bodi yenyewe. Ile inayopatikana kwa wingi madukani, A3144, huwaka inapokaribiwa na ncha ya kusini na huzima ncha hiyo inapoondoka, kwa hiyo katika mzunguko mmoja huwa imewaka kwa sehemu ndogo na kuzima kwa sehemu kubwa. Kwa kuhesabu mizunguko inafaa sana. Kwa kugeuza mkondo haifai, kwa kuwa koili husukuma kwa muda fulani kisha hugeuka kuwa breki. Inayotakiwa ni sensa yenye kukumbuka, kama US1881, ambayo huwashwa na ncha ya kusini na kubaki imewaka hadi ifikiwe na ncha ya kaskazini. Kwa sumaku yenye ncha mbili hugawa mzunguko karibu nusu kwa nusu, na mota hupata msukumo mwendo mzima.

Uungaji wake ni mwepesi. Pini ya kutolea ishara ya sensa inavutwa kwenye volti 5 kwa rezista ya kilo-omu 4.7, kisha inapelekwa IN1, pini inayoongoza upande mmoja wa daraja. Kutoka hapo hapo, kupitia rezista ya kilo-omu 47, inaendesha transista ndogo ya BC547, ambayo kolekta yake nayo imevutwa kwenye volti 5 na kuungwa na IN2, pini ya upande wa pili. Transista hiyo inageuza ishara, hivyo IN1 ikiwa juu IN2 iko chini, na kinyume chake. Kidaraja cha plastiki kilichopo kwenye pini ya ENA, inayoruhusu daraja kufanya kazi, kiachwe mahali pake, na koili ifungwe kwenye skrubu za kutolea umeme, OUT1 na OUT2. Mota ikizunguka upande usiotakiwa, badilisha ncha za waya wa koili.

Mahali pa kuiweka sensa pasiachwe kwa bahati. Niliiweka nyuzi 90 kutoka kwenye mhimili wa koili, uso wake ukielekea ekseli. Hapo ncha hubadilika mbele ya sensa wakati ule ule sumaku inapokuwa imelingana na koili, na huo ndio wakati ambao mkondo unapaswa kugeuka. Zaidi ya hayo, hapo uga wa koili yenyewe huigusa sensa kwa uchache kuliko kama ingekaa mbele ya koili.

Nakuja kwenye upungufu. Transista za L298N ni za aina ya zamani, na kwenye mkondo wa karibu ampea 1 hula volti 2 hadi 3. Koili yangu ina ukinzani wa omu 12, na kwa chanzo cha volti 12 ilitarajiwa kupata ampea 1, lakini hupata takriban 0.8, na zile volti zilizoliwa hugeuka joto kwenye bati la kupoozea. Kwa volti 6 hasara hiyo ingekuwa theluthi au zaidi. Mwenye betri ndogo atafute bodi ya TB6612FNG, yenye transista za MOSFET zinazopoteza kidogo sana, mradi mkondo wake usizidi ampea 1.2.

Daiodi nane zilizomo kwenye bodi, zinazopitisha mkondo upande mmoja tu, nimezithamini sana, maana koili haikubali mkondo wake ukatizwe ghafla, na bila njia ya kupitia hutoa volti za kuua transista. Daiodi hizo huurudisha mkondo huo kwenye chanzo cha umeme, lakini adapta nyingi haziupokei, kwa hiyo niliongeza kapasita ya maikrofaradi 1000 kwenye skrubu za kuingizia umeme. Kuhusu rilei, yaani swichi inayovutwa na sumakuumeme, ambayo mafundi wengi huitaja kwanza, inafaa pale mkondo unapogeuzwa mara chache; sumaku ikizunguka mara 25 kwa sekunde, mkondo unageuzwa kila milisekunde 20, na rilei ya kawaida huhitaji milisekunde kadhaa kuhama tu, huku vichwa vyake vikitoa cheche na kulika.

Kwa wenzangu walio karibu na bahari, skrubu za bodi hii hushika kutu upesi kwa hewa ya chumvi. Mimi sasa nalehemu waya moja kwa moja kwenye bodi na kuzipaka sehemu zilizo wazi vanishi.