Uzoefu wangu na seva ya kwanza ya nyumbani: Dell OptiPlex 3060 Micro, Jellyfin na diski mbili za terabaiti 4

Kwa miezi 14 sasa, nyuma ya televisheni yetu hapa Tabata, Dar es Salaam, pamekaa kompyuta ndogo yenye ukubwa wa kamusi, nayo ndiyo inayohifadhi picha, muziki na video za familia nzima na kuzirusha kwenye televisheni na simu za watu wa nyumbani. Ni Dell OptiPlex 3060 Micro niliyoinunua ikiwa imetumika, na programu inayoendesha kazi yote hiyo ni Jellyfin. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kuanza, kwa sababu mimi nilianza kwa kuuliza swali lisilofaa. Nilikuwa nauliza ninunue kompyuta yenye nguvu kiasi gani, ilhali nilipaswa kuuliza kwanza nina vitu gani vya kuhifadhi, na ni vipi kati ya hivyo ambavyo vikipotea havitapatikana tena.

Swali hilo lilinijia siku mama aliponikabidhi sanduku la bati lililokuwa limekaa chini ya kitanda chake Morogoro kwa miaka mingi. Ndani yake mlikuwa na kanda 34 za VHS na kanda 22 ndogo za MiniDV za harusi, mahafali, misiba na Idi. Katika mojawapo, ya harusi ya shangazi ya mwaka 1997, marehemu bibi anaonekana amesimama mlangoni akiwapokea wageni, na sauti yake inasikika kwa muda usiozidi dakika mbili. Hatuna rekodi nyingine ya sauti yake. Filamu iliyonunuliwa inaweza kununuliwa tena, lakini dakika zile mbili zikifutika zimefutika, na mpango wangu wote wa hifadhi uliofuata nimeujenga juu ya tofauti hiyo.

Kabla ya kwenda kununua vifaa Kariakoo nilikaa na kalamu na daftari. Kanda ya MiniDV, ikihamishwa kama ilivyo bila kubanwa, huchukua takriban gigabaiti 13 kwa saa moja, kwa hiyo kanda 22 za saa moja moja zilihitaji gigabaiti 286. Za VHS niliamua kuzirekodi kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, ambayo ni gigabaiti 2.7 kwa saa, na kwa kuwa kanda nyingi ni za saa tatu, zote 34 zilihitaji gigabaiti 275 hivi. Picha na video za simu tulizokuwa tumezitawanya kwenye kompyuta na kadi mbalimbali zilifika gigabaiti 310, na CD 90 za taarabu na dansi za marehemu baba, zikihifadhiwa bila kupunguzwa ubora, zilihitaji takriban 30. Jumla ilikuwa gigabaiti 900 za vitu visivyopatikana tena. Simu za nyumbani zinaongeza kama gigabaiti 15 kila mwezi, yaani 900 nyingine katika miaka mitano. Nilipoongeza terabaiti moja kwa ajili ya filamu, vipindi vya watoto na video za masomo, nilifika terabaiti 2.8, na kwa kuwa sipendi diski ijae kupita robo tatu au zaidi kidogo, jibu likawa terabaiti 4.

Hapa niseme jambo linalowasumbua wengi wanapofungua diski mpya. Mtengenezaji anahesabu terabaiti 4 kama baiti trilioni 4 kamili, lakini kompyuta nyingi huhesabu kwa vipeo vya mbili, ndiyo maana unaona 3.6 na kudhani umeibiwa. Jambo la pili halionekani kirahisi: ukiiandaa diski kwa mfumo wa faili wa ext4, ambao ndio wa kawaida kwenye mfumo endeshi wa Linux, asilimia 5 ya nafasi hutengwa kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kwenye diski ya mfumo endeshi hiyo ni busara, lakini kwenye diski ya terabaiti 4 ya video tupu ni gigabaiti 200 zinazokaa bure. Amri moja tu, tune2fs -m 0, ilinirudishia nafasi inayotosha kanda zangu nyingi za MiniDV.

Kuhusu kompyuta yenyewe, muuzaji alinishawishi kwa upole: “Kaka, chukua hii ya i7, ya mezani, ina nafasi ya diski nne, hutahangaika tena.” Alikuwa na hoja, kwa maana kasha kubwa hupokea diski bila kuongeza kifaa kingine. Nilikuwa na kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, nikamwomba aiwashe mashine hiyo na kuiacha bila kazi, nacho kikasoma wati 75. Seva haizimwi usiku. Wati 75 kwa saa 24 na siku 30 ni uniti 54 kwa mwezi, na kwa kaya iliyo katika kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75, mashine hiyo peke yake ingekula sehemu kubwa ya mgao wa nyumba nzima. OptiPlex Micro ilisoma wati 10. Leo, pamoja na diski zote mbili zikizunguka, mfumo wangu wote unatumia wastani wa wati 24, yaani uniti 17 hivi kwa mwezi, na hiyo ndiyo gharama ambayo wengi husahau kuiweka kwenye hesabu ya bei.

Prosesa iliyomo ni Core i5-8500T ya mwaka 2018, yenye viini sita, na RAM yangu ni gigabaiti 8, ambayo haijawahi kujaa. Kilichonifanya niichague si viini, bali saketi ya video ambayo Intel wanaiita Quick Sync. Televisheni yetu ni ya mwaka 2016 na haifungui video zilizobanwa kwa mtindo wa HEVC, ambazo ndizo simu nyingi za sasa hurekodi. Mtu anapobonyeza video kama hiyo, seva inalazimika kuigeuza papo kwa papo kuwa H.264, mtindo wa zamani zaidi ambao televisheni inaufungua, wakati inachezwa. Kazi hiyo ikiachiwa viini vya prosesa, vyote sita hufika asilimia 100 na feni hulia hadi sebuleni, lakini ikifanywa na Quick Sync matumizi ya prosesa hayafiki asilimia 20 na feni huisikii. Kuanzia kizazi cha 7 cha prosesa za Intel, saketi hiyo inaimudu HEVC hata ya biti 10, kwa hiyo sishauri mtu achukue kizazi kilicho chini ya hapo hata kama bei inavutia. Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo ya bodi moja, niliifikiria kwa sababu ya umeme mdogo, nikaiacha kwa kuwa haina saketi ya kutengeneza H.264. Udhaifu wa mashine yangu ni kwamba haina saketi ya kusoma AV1, mtindo mpya zaidi wa kubana video. Anayenunua mpya na mwenye fedha zaidi kidogo atazame kompyuta ndogo zenye Intel N100 iliyotoka mwaka 2023, inayosoma AV1 na kutumia umeme mdogo.

Jellyfin niliichagua badala ya Plex, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, kwa sababu mbili. Kugeuza video kwa kutumia saketi ya prosesa ni bure kwenye Jellyfin, wakati Plex huhitaji usajili wa kulipia kwa kazi hiyo. Zaidi ya hapo, akaunti za watumiaji zinakaa ndani ya seva yangu mwenyewe, hivyo bando likiisha au intaneti ikikatika tunaendelea kutazama kama kawaida, mradi ruta imewashwa. Watu wengi wa hapa nyumbani hawakuamini hadi walipoona kwamba kutazama video kutoka kwenye seva hakugusi bando hata kidogo. Usakinishaji kwenye Debian, ambayo ni aina ya Linux, haukunisumbua, isipokuwa ilinichukua jioni nzima kugundua kwamba Quick Sync haifanyi kazi mpaka mtumiaji wa Jellyfin aongezwe kwenye kundi la mfumo linaloitwa render.

Tatizo kubwa la OptiPlex Micro ni nafasi ya diski. Ndani inapokea SSD (hifadhi isiyo na sehemu zinazozunguka) moja fupi, ambako nimeweka mfumo endeshi, na diski moja ya inchi 2.5 iliyo nyembamba, na diski nyembamba za kuzunguka za aina hiyo hazizidi terabaiti 2. Kwa hiyo nililazimika kununua kasha la nje la diski mbili za inchi 3.5, lenye adapta yake ya volti 12, na kuliunganisha kwa USB 3. Jihadhari usinunue kasha linalotegemea umeme wa USB pekee, kwa kuwa diski za inchi 3.5 haziwezi kuendeshwa nao.

Diski zenyewe ndizo zilizonipa somo la gharama. Ya kwanza niliuziwa kama mpya, ikiwa ndani ya mfuko wake uliofungwa. Nilipofika nyumbani niliisoma kwa smartctl, programu inayofungua kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe, na kwenye mstari wa saa za kuwashwa nikakuta 31,204. Hiyo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu ya kuzunguka mchana na usiku. Niliirudisha siku iliyofuata nikiwa na karatasi niliyochapa, na baada ya majadiliano marefu nikarudishiwa fedha zangu pungufu kidogo. Tangu hapo sitoi shilingi kabla ya kuisoma diski hapo hapo dukani kwa kompyuta ya mkononi, nikiangalia saa za kuwashwa, sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri kuhamishwa, ambazo kwa diski mpya lazima ziwe sifuri. Uliza pia kama diski ni CMR, ambayo njia zake za data hazilaliani, au SMR. Diski za SMR huandika njia zake zikilaliana kama vigae vya paa, zinapunguza kasi mno unapoandika data nyingi mfululizo, na awamu yako ya kwanza ya kuhamisha kanda nyingi ndiyo hasa itakayokuonyesha jambo hilo.

Nilikuwa nimepanga kuziunganisha diski zangu mbili kwa RAID 1, ili kila kinachoandikwa kwenye moja kiandikwe kwenye ya pili wakati huo huo. Niliachana na wazo hilo, na nashukuru. RAID inakulinda diski moja ikifa, lakini ukifuta faili kwa bahati mbaya inafutika kote kwa sekunde ile ile. Mimi diski ya pili inapokea nakala kila siku saa 8 usiku kwa rsync, programu ya kunakili faili, bila kufuta chochote, na usafi naufanya mwenyewe mara moja kwa mwezi. Mwezi wa tano, binti yangu wa miaka tisa alinijia na simu mkononi akilia: “Baba, picha za mahafali zimepotea zote.” Akaunti yake nilikuwa nimeiachia ruhusa ya kufuta, kosa ambalo ni langu. Folda ilikuwepo kwenye diski ya pili, kamili, na kabla ya chakula cha jioni ilikuwa imerudi mahali pake. Nakala ya tatu, ya zile gigabaiti 900 pekee, iko kwenye diski ya mkononi ya terabaiti 2 inayokaa kwa mama Morogoro, na kila ninapokwenda kumsalimu naisasisha. Moto au mwizi akiingia Tabata, sauti ya bibi bado ipo.

Umeme niliuchukulia kwa wepesi, na hilo lilinigharimu. Wiki ya tatu umeme ulikatika, uliporudi ukaja na nguvu, adapta ya kasha ikaungua na kutoa harufu iliyojaa chumba. Diski zilipona. UPS (betri ya kushikilia umeme unapokatika) niliyoikimbilia haikuwa na tundu la USB, kwa hiyo ilishikilia mfumo lakini haikuweza kuiambia seva kwamba betri inakwisha, na ilipokwisha kila kitu kilizimika ghafla vilevile. Ya sasa ni ya VA 650 yenye USB, inashikilia zaidi ya dakika 40, na programu ya NUT inaizima seva kwa utaratibu betri inapofika asilimia 30. Kama ningeanza upya, ningenunua UPS kabla ya diski ya kwanza.

Joto nalo si la kupuuza katika jiji hili. Mwezi wa pili, kasha likiwa ndani ya kabati la televisheni lenye mlango wa kioo, diski zilifika nyuzi 53. Nililitoa nje, nikaliinua juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, zikashuka hadi 43. Vumbi nalifuta kila baada ya wiki mbili.

Kwa fedha, kompyuta ilikuwa shilingi 430,000, diski mbili na kasha lake vikapita hiyo zaidi ya mara mbili, na nadhani mgawanyo huo ndio sahihi. Hadi leo nimetumia terabaiti 1.9. Kanda sita za VHS bado hazijahamishwa kwa sababu zimeshika ukungu, na fundi wa zamani wa video anazisafisha moja baada ya nyingine kwa mkono, akizungusha utepe polepole juu ya kitambaa. Zitahitaji gigabaiti 50 hivi, na nafasi yake nimeshaitenga.